Picha ya Ndani kwa Mose

Ukitaka kumjua Phanice Kwamboka, usimwangalie akichora. Mngoje amalize. Wenzake katika chuo chao mjini Kisii wakimaliza picha wanaipiga kwa simu, wanaitupa mtandaoni, kisha wanakaa wakihesabu walioipenda. Phanice yeye anaibandika mahali watu wanapopita, halafu anasimama pembeni akijifanya anamngoja mtu. Hamngoji mtu yeyote. Anaangalia macho. Anataka kujua jicho la mtu linatua wapi kwanza, likitoka hapo linaenda wapi, na linachoka lini.

Tabia hiyo ilimwanzia Suneka, akiwa mwaka wa kwanza, kinyozi mmoja alipomwomba amchoree mitindo ya nywele kwenye ukuta wa kibanda chake. Phanice alichora vichwa sita kwa siku mbili, akazihangaikia zile nywele mpaka macho yakamuuma. Siku ya tatu akanunua ndizi mbivu, akaketi ng'ambo ya barabara akila polepole, atazame watu watakavyosifu. Nani aliziangalia nywele? Hakuna. Vijana walibishana kuhusu kola za mashati. Mzee mmoja alisimama muda mrefu mbele ya kichwa cha nne, Phanice akadhani hatimaye amempata mpenda sanaa, kumbe mzee anamwambia kinyozi kwamba huyo anafanana na mtu aliyemwibia mbuzi zamani. Mwingine angeona aibu akarudi zake nyumbani. Phanice alicheka mpaka ndizi ikamwanguka, na siku hiyo hiyo akanunua daftari. Tangu hapo anaandika: nani, ametazama nini, kwa muda gani.

Madaftari sasa yamefika matatu. Akina mama wanaongoja lori la majani chai hutazama nguo kwanza, halafu mikono. Waendesha bodaboda hutazama pikipiki, na kama umesahau kioo cha pembeni watakwambia bila kukuonea haya. Watoto hutafuta mnyama, wasipomwona wanaondoka. Yote hayo ameyaandika. Mtu mmoja tu ndiye aliyemshinda, naye ni baba yake mzazi.

Mzee Nehemiah Ogoti ana shamba la chai na migomba kwenye kilima kilicho nyuma ya Masimba, ni mzee wa kanisa la Waadventista, na maneno yake huyatoa moja moja. Ukimpa picha anaipokea kwa mikono miwili, anaitazama sekunde nne, anasema, "Ni nzuri, Mama," anakurudishia. Yeye humwita binti yake Mama kwa sababu Kwamboka ni jina la mama yake mzee huyo. Picha ya ng'ombe, ni nzuri, Mama. Picha ya soko la ndizi, ni nzuri, Mama. Siku moja Phanice, kwa utundu tu, alimpa picha ikiwa kichwa chini miguu juu. Ni nzuri, Mama. Sasa mtu kama huyo utamwandika nini kwenye daftari?

Na si kwamba Phanice hakujali. Alijali mpaka ilimuuma. Wageni wa Suneka alikuwa akiwasoma hata wakiwa mbali, lakini kuhusu baba aliyempeleka chuoni, Phanice hakujua kama anaona chochote akiishika karatasi yake.

Katika boma la Mzee Ogoti kuna nyumba mbili. Ya mzee iko juu. Ya Mose, kaka yake Phanice, iko chini kidogo, karibu na migomba, na kutoka mlango mmoja hadi mwingine ni hatua kama sitini. Mama yao alifariki miaka sita iliyopita. Mose naye ameoa miaka minne sasa. Mkewe ni Sharon, wana mtoto mmoja aitwaye Ronny, na kwa hiyo Sharon ni Mama Ronny kwa watu wote. Katika miaka hiyo minne, Mzee Ogoti hajakanyaga ndani ya nyumba ya mwanawe hata mara moja. Si ugomvi, jamani. Ni ile heshima ambayo wazee wa Kisii huiita chinsoni: baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Atasimama uani, atazungumza naye mlangoni, atambeba mjukuu hapo nje mpaka mikono ichoke, lakini kizingiti hakivuki. Vijana wa mjini wanasema mambo hayo yamepitwa na wakati. Mwambie hivyo Mzee Ogoti, atakusikiliza vizuri, atakukaribisha chai, na hatabadilika hata kidogo.

Basi mwezi wa Agosti Mose akapanda mkaratusi kukata matawi, akaanguka. Mguu wa kulia ukavunjika chini ya goti. Hospitalini wakamfunga plasta, wakampa siku ya kurudi, na wakamwambia waziwazi kwamba vidole vikivimba au vikibadilika rangi asiingoje siku hiyo, aje mara moja. Akaletwa nyumbani, akatandikiwa kitanda sebuleni kwa sababu chumba cha ndani ni kidogo na mguu haukuweza kukunjwa.

Hapo ndipo mzee alipokwama. Mwanawe anaumwa hatua sitini kutoka alipo, na hawezi kumwona. Kila asubuhi alishuka, akasimama chini ya dirisha.

"Mose, umeamkaje?"

"Niko sawa, Baba."

"Si wakutoe nje kidogo upate jua?"

"Daktari amesema nisisogezwe."

Daktari hakusema hivyo popote. Lakini sauti ilitoka nene, sauti ya mtu aliyeshiba, na mzee akapanda tena kilima akiwa na sauti tu mkononi.

Wakati huohuo kule chuoni, Mwalimu Osoro, anayewafundisha Phanice na wenzake uchoraji wa vitabu na mabango, aliwafukuza darasani kwa wiki nzima. "Sitaki kuwaona hapa mpaka Jumatatu ijayo," akasema. "Kila mtu atafute mtazamaji mmoja. Mmoja, si umati. Mchoreeni kitu, kaeni naye, mniandikie ameona nini ambacho nyinyi wenyewe hamkujua kimo." Wengine walinung'unika. Phanice alitoka hapo akiwa amejaa hamu, maana kazi aliyokuwa akiifanya kwa wizi sasa imekuwa mtihani. Jumapili asubuhi alikuwa nyumbani, mkoba begani, akipanga kwenda kumtafuta mama mmoja pale kwenye banda la majani chai. Baba yake akamsimamisha kabla hajatua mzigo.

"Mama, wewe unaingia kule kwa Mose?"

"Naingia, Baba."

"Na kalamu zako unazo."

"Ninazo."

Mzee akatazama migomba kwa muda. "Nichoree."

"Nikuchoree nini?"

"Kulivyo."

Tangu azaliwe, Phanice hakuwahi kuombwa picha na baba yake. Alifurahi hata akaona haya, akashuka kilima akikimbia kama mtoto aliyetumwa chumvi.

Mlangoni alimkuta Sharon, naye akamshika kiwiko akamvutia upande wa jikoni. Sharon ni mtu wa kucheka, lakini siku hiyo hakucheka.

"Wifi, mzee amekutuma?"

"Anataka nimchoree kulivyo."

"Basi mchore Mose akipendeza. Mzee ana presha, wewe unajua. Akimwona alivyokonda hatalala."

Na kweli Mose alikuwa amekonda. Macho yameingia ndani, mifupa ya uso imetokeza. Alimwona dada yake na penseli zake akajaribu kutabasamu. "Nitoe poa, sista," akasema. "Mzee asiuone huu mfupa."

Kwa Phanice hilo si ombi la ajabu. Tangu mwaka wa pili anachora maharusi na familia kutoka kwenye picha za simu, na hajakutana na mtu aliyetaka kuchorwa alivyo. Kujaza mashavu ni kazi ya dakika kumi. Akayajaza. Akayapandisha macho kidogo, akaweka tabasamu, na Mose alipoonyeshwa akasema huyo sasa ndiye yeye.

Uso ukaisha, ikabaki sehemu ya starehe. Phanice alichora chumba kizima, maana baba amesema kulivyo, na baba hajui kulivyo. Alichora mabati na boriti, vitambaa vya makochi, redio juu ya kabati, chaja inayoning'inia, kalenda, mlango wa chumba cha ndani, chupa ya chai, viatu vya Ronny chini ya meza. Na mguu. Alikuwa ameketi upande wa miguuni, kwa hiyo mguu ule wa plasta ulikuja mbele kabisa, mkubwa, na mwisho wake vidole vitano vimetoka nje ya blanketi.

Vile vidole vilimpendeza sana. Namsema Phanice kwa kuwa nampenda, lakini hapa acha nimseme. Rangi ya vidole hivyo haikuwa rangi ya mkono wa Mose wala ya shingo yake. Ilikuwa na zambarau ndani, na kwenye vile viwili vya mwisho ilikaribia ganda la biringanya. Ngozi ilikuwa imejaa, inang'aa. Phanice alitandaza zambarau chini, akapitisha kahawia juu, akaongeza buluu kidogo, akafuta, akarudia. Alishukuru kwamba havitikisiki hata kidogo, kwa maana watu wengi wakichorwa hawatulii.

"Bado?" Mose akauliza.

"Bado kidogo. Nimefika mahali patamu."

Dakika arobaini alikaa kwenye vidole vitano vya ndugu yake. Akavichora vizuri kuliko kitu chochote alichowahi kuchora, na hakuviona.

Jioni, jua likiwa bado lipo, alimpelekea baba yake uani. Mzee akaipokea kwa mikono miwili. Phanice akaanza kuhesabu kimoyomoyo. Nne zikapita. Kumi zikapita. Mzee akavuta kiti, akaketi, akavaa miwani.

"Ana mashavu," akasema.

"Ndiyo, Baba."

"Basi anakula."

"Anakula."

Mzee akapitisha kiganja usoni kuanzia paji hadi kidevuni, kama mtu aliyetuliwa gunia, akabaki akiangalia ule uso mpaka kuku wakaingia bandani. Hakusema ni nzuri. Phanice aliingia ndani akaandika: Jumapili. Baba. Uso. Zaidi ya nusu saa. Kama kulikuwa na kichembe cha aibu kuhusu hayo mashavu, furaha ilikifunika.

Jumatatu mzee alianza kuuliza. Na kumbe mzee anajua kuuliza.

"Hii bati ya pembeni imetoboka, au ni kivuli?"

"Imetoboka."

"Na hawajaniambia." Akasonga mbele. "Mlango wa ndani unafungukia huku au kule?"

"Kule, Baba."

"Ronny analala wapi?"

"Chumbani na mama yake, kitanda kidogo kiko nyuma ya huo mlango."

Akaenda namna hiyo, kidole kikitembea juu ya karatasi bila kuigusa, akauliza habari za meza, za kabati, akauliza kalenda ni ya mwaka gani. Halafu kidole kikasimama juu ya redio. "Hii picha iliyotundikwa hapa. Ni ya nani?"

"Ni wewe, Baba. Ile uliyopigwa siku ya harusi yao."

Mzee akaitoa miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. Picha ndani ya picha ilikuwa ndogo kama kucha, Phanice alikuwa ameiwekea kofia na doa la uso tu. "Kwa hiyo mimi niko humo ndani miaka yote," akasema, na akacheka kidogo peke yake. Phanice alijaza kurasa mbili za daftari siku hiyo. Mtu aliyekuwa hasomeki ametokea kuwa mtazamaji bora kuliko wote wa Suneka wakijumlishwa.

Jumanne aliulizwa mambo ambayo hata hakumbuki kuyachora. Kutoka kitandani hadi mlangoni ni hatua ngapi? Kikombe hiki ni cha uji au cha dawa? Mzee alikuwa anatembea nyumba nzima akiwa amekaa kitini pake. Mchana akamwangalia binti yake pembeni ya miwani.

"Mama, unadhani hii ni kuingia?"

"Sijui, Baba. Wewe unaonaje?"

"Mimi naona ni kuchungulia." Akafikiri. "Nitaomba msamaha siku ya Sabato."

Siku hizo mbili Phanice alishuka kwa Mose mara moja tu, kuazima sukari. Alisikia harufu kali ya dawa ya kuoshea sakafu, akaona Sharon amefunga madirisha, akapokea sukari akapanda juu haraka, kwa sababu aliogopa baba yake asije akatazama kitu kipya yeye hayupo. Namna hiyo ndiyo akili ya mtu inavyoweza kwenda likizo.

Jumatano asubuhi alimkuta mzee amesimama katikati ya uani, juani, ameinyanyua picha mbele yake. Kidole gumba cha kushoto kilikuwa kimeufunika uso wa Mose.

"Mbona umemziba uso, Baba?"

"Unanizuia kuona," akasema mzee. "Siku tatu nautazama huu uso, ukinichekea nacheka, halafu naenda kuangalia vyombo. Njoo hapa. Hivi vidole. Uliviona hivi, au ulivipamba?"

Phanice akafungua mdomo aseme alivipamba. Lilikuwa neno rahisi na lilikuwa pale tayari. Mzee angetulia, Sharon angeshukuru, Mose angeendelea kuwa sawa. Lakini kidole gumba cha baba yake kilikuwa bado pale juu ya uso, na uso ukiwa haupo, hakuna kingine cha kutazama ila ule mguu. Akautazama. Kwa mara ya kwanza aliutazama kama mtu ambaye hakuuchora.

"Niliviona hivyo, Baba."

"Na vilikuwa vikitikisika?"

"La."

"Na huu uso?"

"Uso niliupamba."

Mzee hakumkemea. Alisema tu kwamba akiwa kijana aliwahi kufunga ndama kwa kamba mguuni akasahau kuilegeza, na ndama yule alikuwa na vidonda vya rangi hiyo hiyo. Kisha akashuka zile hatua sitini bila fimbo, Phanice nyuma yake akikimbia.

Najua unachongoja. Unangoja avuke kizingiti. Phanice naye alingoja hivyo hivyo, akashika mdomo. Mzee Ogoti alifika mlangoni akasimama mahali pake pa kila siku, viatu vyake vikiwa shibiri moja kutoka kwenye simenti ya ndani, akaielekeza picha kwenye mwanga.

"Mose."

"Niko sawa, Baba."

"Umelala, kichwa chako kiko upande wa redio. Mimi niko ukutani hapo juu nakuangalia. Mguu wa kulia uko nje ya blanketi, na vile vidole viwili vya mwisho vimekufa rangi. Uko sawa namna gani?"

Sharon akatoka na Ronny mgongoni, machozi yanamtiririka, akapiga magoti pale nje. "Baba, aliniapisha. Tangu Jumamosi namwambia turudi hospitali. Aliniapisha kwa jina la mtoto."

"Watanikata, Baba," Mose akasema kutoka ndani. Ile sauti nene haikuwepo tena, sasa ilikuwa sauti ya mgonjwa. "Yule Andrew wa kule bondeni si alienda na miguu miwili akarudi na gongo?"

Mzee akashika nguzo ya mlango. Phanice aliona wazi jinsi mwili wake wote ulivyotaka kwenda mbele na jinsi alivyouzuia.

"Wakikata, watakata nikiwa nimekaa karibu yako," akasema. "Kule hospitali si nyumba ya mtu. Sasa unatoka, au niite watu wabebe kitanda na wewe juu yake?"

Mose akalia. Mtu mzima, baba wa mtoto, alilia kwa sauti, na huko kulia ndiko kulikuwa kukubali. Okemwa, jirani yao mwenye gari, aliitwa, viti vya nyuma vikalazwa, godoro likaingizwa. Mzee alipanda nyuma akampakata mwanawe kichwa, na saa nne haikuwa imefika walipokuwa wakiteremka kuingia mjini Kisii.

Daktari aliyewapokea alikuwa mwanamke kijana asiyepoteza maneno. Aliipasua plasta pale pale, akabonyeza huku na huku, akauliza ni tangu lini. Jumamosi, Sharon akasema. Mose akasukumwa kwenye kitanda cha magurudumu hadi chumba cha upasuaji, wao wakabaki kwenye benchi. Alasiri daktari akarudi.

"Mguu utabaki," akasema. "Vidole viwili vya mwisho tumevitoa, havikuwa na uhai tena. Mngemleta Jumatatu, hata Jumanne asubuhi, labda tungeviokoa vyote." Hakusema kwa kulaumu. Alisema huku akitafuta jina kwenye faili lingine.

Mzee alimshukuru, akainamisha kichwa akasali. Sharon alijifuta uso kwa leso. Phanice alibaki akiangalia mlango daktari alikotokea. Jumatatu alikuwa ameandika kurasa mbili. Jumanne ukurasa na nusu. Aliyakumbuka maneno yote: baba anauliza kuhusu paa, baba ameiona picha yake, baba anafurahi. Na hakuna aliyemwambia neno baya, si siku hiyo wala baadaye, na hilo ndilo lilikuwa gumu kubeba.

Ripoti aliyompelekea Mwalimu Osoro ilikuwa fupi kuliko za wenzake wote. Mwalimu aliuliza mtazamaji ameona nini ambacho mchoraji hakujua kimo, na Phanice akajibu kwamba mtazamaji aliona mguu wa mgonjwa, na kwamba yeye mchoraji alikaa na mguu huo dakika arobaini akitafuta penseli ya rangi inayofaa. Akaeleza pia kwamba mashavu aliyoyachora yalimchelewesha mtazamaji siku tatu. Alama alizopata ni nzuri, na hajamwambia mtu yeyote ni ngapi. Watu wa harusi bado wanamtaka awajaze mashavu, na bado anawajaza, asikudanganye mtu. Tofauti ni kwamba siku hizi, kabla hajatoa penseli, anamuuliza anayechorwa anaendeleaje, na anangoja jibu.

Lakini hayo ni ya baadaye. Ijumaa ile, saa ya kuona wagonjwa, Mzee Ogoti alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda cha Mose wodini. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka minne kukaa mahali penye kitanda cha mwanawe. Alikuwa amemshika mkono tangu alipofika.

"Umekonda," mzee akasema hatimaye.

"Nimekonda, Baba."

"Mimi nilijua umenenepa. Siku tatu nilimshukuru Mungu kwa mashavu yako."

Hakusema ili kumchoma mtu. Alikuwa anamweleza mwanawe habari za juma lake. Phanice, aliyesimama upande wa miguuni, aliuinamia mkoba wake sakafuni akajifanya anatafuta kitu.

Muuguzi akaja na sinia lake kubadilisha bandeji. Mose akageukia ukutani. Sharon akamchukua Ronny akatoka naye nje. Mzee hakuondoka, akasogeza kiti akaelekea mguuni, akafuata kila mzunguko wa bandeji ukitoka mpaka ukafika mwisho. Phanice alikuwa ametazama dirishani.

"Mama," baba yake akamwita.

Akageuka.

"Njoo uangalie na wewe."

Mkoba wenye penseli aliuacha sakafuni. Akasogea, akasimama karibu na bega la baba yake, akaangalia kidole cha kwanza, cha pili, cha tatu, halafu akaangalia pale palipobaki wazi.